Mbulu hakuna kampuni ya pili ya umeme, ila kuna bei ya pili

Shangazi yangu anaishi Mbulu mjini. Juzi kanipigia simu: "Mwanangu, laini ya simu ikiwa ghali nahamia mtandao mwingine. Umeme je, siwezi kuhama?"

Jibu fupi ni hapana. Uingereza, tangu 1999, kila kaya inaweza kuchagua kampuni ya kuiuzia umeme. Lakini hata kule ukihama huletewi waya mpya. Umeme wa mitambo yote huingia gridi moja ukachanganyika, kama mvua iliyokwisha ingia Ziwa Basotu: huwezi kusema tone hili ni la wingu lipi. Kinachobadilika ni nani anakununulia huo umeme kwa jumla na kukuletea bili. Kwetu, Sheria ya Umeme ya 2008 iliruhusu kampuni binafsi, ndiyo maana Mufindi kuna Mwenga inayouzia vijiji umeme wa maji. Ila ukiwa kwenye gridi hapo Mbulu, Haydom au Katesh, muuzaji ni TANESCO tu.

Sasa, muuzaji ni mmoja lakini bei za nyumbani ni mbili, na hapa ndipo shangazi alipokuwa anaumia bila kujua. Kwa bei zilizoanza Aprili 2016, kundi la D1, la watumiaji wadogo, hulipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi. Ukizidisha, uniti za ziada ni 350 kila moja. Na ukizidisha mara kwa mara unahamishiwa T1, ambako kila uniti, hata ile ya kwanza, ni 292. Ongeza VAT asilimia 18, REA 3 na EWURA 1: D1 inakuwa 122, T1 inakuwa kama 356.

Kujua uko wapi ni rahisi. Chukua risiti ya LUKU, gawanya pesa kwa uniti. Elfu moja ikikupa uniti 8.2 uko D1, ikikupa 2.8 uko T1. (Usipime kwa manunuzi ya kwanza ya mwezi, maana hapo kodi ya jengo inakatwa, utapata jibu la ajabu.)

Basi swali ni je, kaya inaweza kuishi na uniti 75? Hizo ni 2.5 kwa siku. Uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja. Taa tano za wati 9, saa tano kila jioni, hazifikishi hata robo uniti. TV ya wati 60 kwa saa tano ni 0.3. Friji dogo tuseme uniti moja. Bado uko salama, na pasi unapiga.

Ila Mbulu ni baridi, bwana, na watu wanaoga maji ya moto. Ndoo ya lita 20, kutoka nyuzi 16 hadi 40, inahitaji kilojuli kama 2,000, yaani uniti 0.56. Hiyo ni fizikia, hata ununue hita ya bei gani haitapungua. Watu watano ni uniti 2.8 kwa siku. Maji ya kuoga peke yake yamemaliza mgao wote!

Tuseme vitu vingine vyote nyumbani ni uniti 60 kwa mwezi. Pamoja na maji ni 144, zote kwa bei ya T1: kama shilingi 51,300. Bila maji, ukiwa D1, ni 7,320. Kwa hiyo ile ndoo inalipiwa mara mbili: gharama yake yenyewe, halafu inapandisha bei ya taa, TV na friji.

Nilimshauri shangazi ajaze dumu jeusi, aliweke juani asubuhi, waoge jioni. Maji yakifika nyuzi 30 tu, kazi iliyobaki ni chini ya nusu, na jiko la kuni alilopikia linaimaliza. Matumizi yakishashuka kwa miezi kadhaa, anaenda ofisi ya TANESCO na namba ya mita kuomba arudishwe D1. Dumu keshapata. Analalamika kwamba Juni na Julai ukungu hautoki mpaka saa sita, na hapo kweli sina jibu zuri.