EKSIREI BILA RISASI

Risasi ninayoisema hapa si ile ya bunduki. Ni madini yenyewe, Pb.

Miali ya eksirei, aliyoivumbua Röntgen mwaka 1895, hupenya nyama ya mwili lakini hushindwa na atomi nzito. Ndiyo maana wapiga picha hospitalini hujikinga kwa aproni ya risasi. Kwa sababu iyo hiyo wanasayansi waliipenda risasi katika fuwele za perovskaiti za kunasia miali: mwali ukigonga atomi nzito, elektroni hutoka mbio, na mbio hizo ndizo umeme. Umeme ukipimwa, picha yapatikana.

Lakini fuwele hizi hazistahimili unyevu. Zikilowa huharibika, risasi ikatoka. Na risasi sisi wa Mombasa twaijua! Ng'ambo tu ya kisiwa, Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwadhuru watu mpaka kikafungwa mwaka 2014. Phyllis Omido, aliyewapigania, alipata tuzo ya Goldman mwaka 2015. Fidia ya shilingi bilioni 1.3 iliamuliwa mahakamani mwaka 2020, na Mahakama ya Juu ikaitilia nguvu Desemba 2024. Lakini ubongo wa mtoto ukishaharibiwa na risasi, fidia haiurudishi.

Basi tazameni jedwali la elementi. Risasi ni namba 82. Jirani yake, 83, ni bismathi: nzito vile vile, lakini sumu yake ni ndogo, hata dawa ya tumbo hutiwa. Mwaka 2017 wanasayansi wa China walionyesha kwamba fuwele ya siziamu, fedha, bismathi na bromini hunasa eksirei.

Na betri je? Kwa kawaida elektroni huvutwa kwa volteji ya nje. Lakini ukiunganisha vitu viwili vinavyofaa, hutokea kama mteremko ndani yake, elektroni zikashuka zenyewe, mfano wa maji ya tangi la juu ya dari huku Mji wa Kale: hayangoji pampu. (Msidhani mashine nzima haitaki stima, la! Mrija utoao miali wautaka. Ni kinasa miali tu kisichoutaka.) Volteji ya nje huvujisha umeme hata pasipo miali, na picha ikaingia ukungu. Ukiiondoa, miali michache yatosha, na mgonjwa hupigwa kidogo. Kwangu mimi hili ni kubwa kuliko kuokoa betri.

Kilichobaki ni ukubwa. Fuwele za maabara ni ndogo, na kifua cha mtu mzima chataka bamba pana. Wengine huzisaga, wakaukandamiza unga uwe bamba. Naona njia hiyo ndiyo itakayofika hospitalini mapema.