Ordinatere ya zamani nyumbani: kabla ya kuiuza kwa kilo



Katika kikao cha mwezi uliopita mjane mmoja wa chama chetu alituletea swali. Jina lake tunaliacha kwa ombi lake. Marehemu mumewe alikuwa mwalimu, na zamani za Zaire, alipotoka masomoni Ulaya, alirudi na kompyuta moja, au ordinatere kama tunavyosema hapa Bukavu, pamoja na katoni mbili za magazeti yaliyohusu mashine hizo. Vitu hivyo vimekaa juu ya kabati miaka yote. Vilipona vita vya 1996 na vya 1998, vikapona na siku zile za Juni 2004, kwa sababu waliokuja kupora hawakujua ni kitu gani. Sasa mtoto wa mwisho yuko sekondari na anadaiwa minervali. Kijana mnunuzi wa vyuma chakavu amekwisha kubisha hodi mara mbili. Jirani anayeuza mandazi naye anayataka magazeti ya kufungia. Mama anauliza: niuze, nitupe, ama niweke?

Tuliomba muda, tukaenda kuulizia mafundi na walimu. Haya ndiyo tuliyopata. Tunayaandika kwa urefu kwa kuwa tunajua nyumba nyingine, Muhumba, Nguba na hata Panzi, zenye vitu vya namna hiyo chini ya kitanda.

Mashine yenyewe ni Thomson MO5, iliyotengenezwa Ufaransa tangu mwaka 1984. Ukiiona utadhani ni kibodi tu, maana kila kitu kimo ndani ya kibodi. Haina kioo chake, ilikusudiwa kuunganishwa na televisheni ya nyumbani. Mwaka 1985 serikali ya Ufaransa ilianzisha mpango wa kupeleka kompyuta katika shule zote. Mashine kama 120,000 ziligawanywa kwa shule kama 50,000, na nyingi kati yake zilikuwa za Thomson. Kwa hiyo watoto wengi wa Kifaransa ambao leo ni baba na mama wa watu waligusa kompyuta yao ya kwanza kwenye mashine ya ukoo huu. Wakati ule zilikuwako nyingine pia: Waingereza walikuwa na ZX Spectrum na Amstrad, Wamarekani Commodore na Apple. Leo kuna watu Ulaya wanaozikusanya, wanazitengeneza na kuzitumia, kama vile wengine wanavyotunza magari ya zamani.

Kumbukumbu yake ni kilobaiti 48. Kwa mama asiyezoea hesabu hizo: picha moja ya mtoto wako unayotumiwa kwa WhatsApp, ile ndogo iliyobanwa, haiwezi kuenea ndani yake. Basi kitu kidogo namna hiyo kinafaa nini?

Kinafaa kufundisha. Simu tulizo nazo ukiiwasha inakuonyesha vitu vilivyotengenezwa na wengine, nawe unabonyeza. MO5 ukiiwasha inaandika OK, halafu inanyamaza. Inangoja wewe uiambie la kufanya, kwa lugha yake inayoitwa BASIC, na bila hivyo haifanyi lolote. Kwa mtoto hilo ni jambo kubwa. Hapa kwetu kuna wanafunzi wanaojifunza informatiki kwa chaki: mwalimu anachora kibodi ubaoni, mtoto ananakili katika daftari, anafaulu mtihani bila kugusa mashine hata siku moja. Kila mzazi anayesoma hapa anajua tunasema nini.

Tulipeleka mashine kwa fundi mmoja wa Nyawera. Shida ya kwanza ilikuwa televisheni. MO5 hutumia tundu pana la Kifaransa liitwalo periteli, ambalo televisheni nyingi mpya za bapa hazina. Lakini zile nzito za zamani, zenye mgongo, zilizoletwa hapa zikiwa zimetumika Ulaya, mara nyingi zinalo. Fundi alikuwa na moja kwenye kona, watu walikuwa wanaiwekea mizigo juu yake. Kabla ya kuwasha alifungua kibodi, akatoa vumbi kwa brashi laini, akafuta miguso kwa alkoli, akaangalia transfoma isije ikawa imeoza, na akaunganisha yote kwa stabilizatere, maana umeme wetu wa Ruzizi mnaujua wenyewe unavyopanda na kushuka. Ikawaka. Mle dukani palikuwa na kelele kama harusi.

Mtoto wa mjane, mwenye miaka 13, akakaa mbele yake. Fundi akamwandikia mistari mitatu kwenye karatasi, kwa ajili ya likelemba ya mamaye:

10 INPUT "WAMAMA WANGAPI";N
20 INPUT "KILA MMOJA FRANKA NGAPI";F
30 PRINT N*F

INPUT maana yake uliza na ungoje jibu. PRINT maana yake andika. Nyota ni alama ya kuzidisha. Ukimaliza unaandika RUN na kubonyeza ENTREE. Mashine ikauliza wamama wangapi, mtoto akajibu 12, ikauliza kila mmoja franka ngapi, akajibu 5000, ikaandika 60000. Alisahau alama moja mara mbili na mashine ikakataa mara mbili, bila kumtukana. Kisha, bila kuambiwa, akaongeza mstari wa 40 wa kugawa. Hapo ndipo wengi wetu tulipoelewa marehemu alikuwa anaona nini ndani ya kile kisanduku.

Kisha kura ikakatika. Delestaji! Kila alichoandika kikafutika, kwa sababu mashine hii haikumbuki kitu ikizimwa. Zamani watu walihifadhi kwenye kaseti, ila si kwa redio-kaseti yoyote. Thomson ilikuwa na chombo chake maalum, na cha marehemu mkanda wake wa mpira umelegea. Fundi anatafuta mwingine. Kwa sasa dawa ni daftari: andika programu yako kwenye karatasi kwanza, ndipo uipige kwenye mashine.

Na hapo tunafika kwenye magazeti, ambayo kwa maoni yetu ndiyo mali kuliko mashine yenyewe. Miaka ile hapakuwa na intaneti ya kuchukulia programu. Gazeti lilichapisha programu nzima, mstari kwa mstari, na msomaji alikaa jioni nzima akiipiga kwa vidole. Katika katoni za marehemu mna matoleo ya L'Ordinateur individuel, gazeti lililoanza Ufaransa mwaka 1978, mna Tilt lililohusu michezo, na mna Hebdogiciel, lililotoka kila juma kati ya 1983 na 1987, ambalo kurasa zake nyingi zilijaa programu zilizotumwa na wasomaji wenyewe. Marehemu alikuwa anaweka alama ya kalamu nyekundu pembeni mwa kila mstari alioumaliza. Kuna ukurasa amesahihisha kosa la wachapaji. Kuna mwingine amehesabia mshahara wake.

Ukifunua kurasa hizo utaona wavulana, wavulana, na wavulana tena. Matangazo yanaonyesha baba na mtoto wa kiume mbele ya kioo, mama amesimama nyuma na sinia. Lakini wanawake walikuwamo, na tunataka mabinti wetu wamjue angalau mmoja. Muriel Tramis, mwanamke mweusi aliyezaliwa Martinique, alikuwa mhandisi kabla ya kuingia kampuni ya michezo ya kompyuta ya Coktel Vision huko Ufaransa. Mwaka 1987 alitoa Méwilo, mchezo unaopita katika Martinique ya 1902, wakati mlima Pelée unakaribia kulipuka, akisaidiana na mwandishi Patrick Chamoiseau. Mwaka uliofuata akatoa Freedom, ambamo mchezaji ni mtumwa anayeongoza uasi wa shamba zima. Mwaka 2018 Ufaransa ilimpa nishani ya Légion d'honneur. Sisi tunaoishi chini ya volkano za Kivu tungependa kuucheza ule mchezo wa Pelée siku moja.

Sasa tuje kwa jirani wa mandazi. Katika kikao mama mmoja alisema wazi: karatasi hailiwi, mandazi yanaliwa. Hatukumcheka. Wengi wetu tumelea watoto kwa karanga zilizofungwa katika kurasa za vitabu vya watu. Ila kurasa hizi zina wino mwingi wa rangi, na mafuta ya moto yanautoa. Hata kwa afya tu, afadhali karatasi nyeupe. Tulikubaliana matangazo matupu na kurasa zilizokwisha kuliwa na mende ziende kwa jirani kwa kuwashia mkaa. Mengine yanawekwa kwenye sanduku la bati juu ya vipande vya mbao, mbali na ukuta, maana majira yetu ya mvua ni marefu na unyevu wa ziwa unaleta ukungu kabla hujajua.

Kuhusu kijana wa vyuma tuna neno kali zaidi. Vijana wanasema ndani ya kompyuta za zamani mna dhahabu. Imo kweli, lakini ni ngozi nyembamba sana kwenye miguso. Faida huipata kiwanda chenye mashine maelfu. Anayejaribu nyumbani kwa asidi au zebaki anaua mapafu yake na ya watoto wake. Waya zikichomwa kwa ajili ya shaba hutoa moshi wa sumu. Risasi imo katika kilehemu. Na televisheni yenye mgongo isifunguliwe na mtoto wala na mama mwenye bisibisi: hata ikiwa imechomolewa, ndani inaweza kubaki na umeme wa kuua.

Bati la kulehemia tunalijua sisi watu wa Kivu, hutoka kwenye kasiteriti. Mwaka 1976 makampuni ya madini ya Kivu na Maniema yaliunganishwa kuwa SOMINKI. Oktoba 1985, mwaka ule ule Ufaransa ilipogawa kompyuta shuleni, bei ya bati ilianguka duniani, na kazi ya kasiteriti hapa ikaporomoka. Baadhi ya baba zetu walirudi nyumbani bila mshahara. Kwa hiyo msituambie mashine hizo hazituhusu.

Je, ina bei? Wakusanyaji wa Ulaya hununua MO5, lakini kuisafirisha kutoka Bukavu kunaweza kula pesa yote. Mama asitegemee utajiri hapo. Mwenye kompyuta ya kawaida nyumbani anaweza hata kuionja bila kuwa nayo: kuna programu ya bure iitwayo DCMOTO inayoigiza mashine za Thomson, na magazeti mengi ya wakati ule yamewekwa kwenye intaneti yakiwa picha za kurasa.

Uamuzi ulikuwa wa mjane mwenyewe, si wa shemeji wala wa chama. Amesema haiuzi. Minervali ya mtoto imelipwa kwa mkopo wa kasha letu la msaada, atarudisha kwa miezi mitatu. Mashine itakuja kwenye chumba cha chama kila Jumamosi saa nane, na mabinti watakaa mbele kwanza, kaka zao baadaye. Bado tunatafuta televisheni yenye periteli, kwani fundi anataka ya kwake. Mwenye nayo, hata kama rangi zimefifia, amwambie mama katibu kabla ya Ijumaa. Vijana watakuja kuibeba.