Dashibodi ya biashara

Dashibodi ya biashara ni ukurasa mmoja wa kompyuta, simu au skrini ya ukutani unaoonyesha takwimu chache muhimu za shughuli fulani, ili msimamizi aone hali ilivyo kwa kutupa jicho mara moja na achukue hatua mapema. Inatofautiana na ripoti. Ripoti inaeleza yaliyokwisha kutokea, na mara nyingi inaweza kusomwa wiki ijayo bila hasara. Dashibodi inahusu jambo linaloendelea, na thamani yake hupungua kadiri saa zinavyopita.

Jina

Neno limetoka katika Kiingereza. Hapo mwanzo lilikuwa jina la ubao uliowekwa mbele ya gari la farasi ili kumkinga dereva na matope yaliyorushwa na kwato. Magari ya injini yalipokuja, sehemu hiyo ikafungwa geji za mwendo, mafuta na joto, na hiyo ndiyo maana ambayo madereva na mafundi wa Afrika Mashariki wanaijua zaidi. Mfano wa gari unafaa hata leo: dereva haangalii geji ya mafuta ili ajifunze historia ya safari yake, bali aamue kama asimame kwenye kituo kinachofuata au apite.

Namna inavyofanya kazi

Takwimu huanzia pale kazi inapofanyika: kwenye mashine ya risiti dukani, mizani ya ghala, kipimajoto cha tangi au simu ya msambazaji. Programu huzikusanya katika hifadhidata, huzijumlisha, kisha huzionyesha kama namba, mistari, nguzo au rangi. Kampuni kubwa hutumia programu kama Power BI na Tableau. Biashara ndogo inaweza kutosheka na lahajedwali la Excel, na mwanafunzi asidhani kwamba hiyo si dashibodi ya kweli.

Tuchukue mfano wa kituo cha kukusanyia maziwa. Maziwa yakishapokelewa hupozwa hadi nyuzijoto 4 za Selsiasi hivi, kwa sababu yakiachwa katika joto la kawaida bakteria huzaliana haraka na baada ya saa chache huanza kuchacha. Ripoti ya mwisho wa mwezi inaweza kueleza kwa usahihi kabisa kwamba lita 600 zilimwagwa tarehe 12 baada ya umeme kukatika. Lakini maziwa yameshamwagwa. Dashibodi inayoonyesha joto la tangi kila baada ya dakika 5, na kugeuka nyekundu linapofika nyuzi 6, inampa msimamizi nafasi ya kuwasha jenereta, kumwita fundi wa friji au kuyahamishia maziwa kwenye lori la kupozea.

Hata hivyo rangi nyekundu haipozi maziwa. Ni lazima ijulikane tangu mwanzo ni kikomo gani kikivukwa kuna hatari, ni nani anayepaswa kuona, na ana ruhusa ya kufanya nini. Nani anaitazama skrini saa nane usiku? Je, mlinzi anaweza kununua dizeli bila kumpigia meneja aliyelala? Mambo haya hayaonekani kwenye skrini, na ndiyo yanayoamua kama dashibodi ni chombo cha kazi au ni pambo la ofisi.

Kasi ya takwimu nayo ilingane na kasi ya uamuzi. Joto la tangi linahitaji dakika, akiba ya ghala inahitaji siku, na faida inaweza kungoja mwezi. Mkurugenzi anayeonyeshwa mauzo ya kila dakika atashtuka asubuhi duka likiwa tupu, ingawa kila asubuhi huwa tupu. Aidha, kila namba ionyeshe saa iliposasishwa mara ya mwisho. Mtandao ukikatika, skrini inaweza kubaki na rangi ya kijani ya jana, na hiyo ni hatari kuliko kutokuwa na skrini kabisa.

Historia

Mbao za kuonyesha hali ya kazi zilikuwepo kabla ya kompyuta kuenea. Katika viwanda vya Toyota nchini Japani hutumika ubao wa taa uitwao andoni, jina la asili la taa ya karatasi. Mfanyakazi akiona kasoro huvuta kamba, taa ya kituo chake huwaka, na kiongozi wa kikundi humjia. Tatizo lisipotatuliwa kwa wakati, mstari wa uzalishaji husimama. Uzuri wa mpango huu ni kwamba taa na hatua vimefungwa pamoja.

Jaribio kubwa la zamani lilifanyika Chile wakati wa Rais Salvador Allende. Kuanzia mwaka 1971 Mwingereza Stafford Beer na wataalamu wa Chile walibuni mradi wa Cybersyn. Viwanda vya serikali vilituma takwimu kwa teleksi hadi Santiago, na programu ya kompyuta ilitafuta mabadiliko yasiyo ya kawaida. Onyo lilipangwa kumfikia kwanza meneja wa kiwanda. Akishindwa kulitatua katika muda aliopewa, lingepanda ngazi ya juu. Kilijengwa pia chumba chenye viti saba na skrini ukutani, ingawa michoro mingi iliyoonyeshwa ilichorwa kwa mkono. Picha za chumba hicho ni maarufu, lakini hakikuwahi kuingia katika matumizi ya kila siku. Wenye malori walipogoma Oktoba 1972, kilichoisaidia serikali ni mashine za teleksi, ambazo zilipeleka habari za malori yaliyopo, barabara zilizofungwa na bidhaa zilizopungua. Mradi ulikoma baada ya mapinduzi ya 11 Septemba 1973.

Mwaka 1992 Robert Kaplan na David Norton walishauri makampuni yapime pia wateja, taratibu za ndani na kujifunza, si fedha peke yake. Wazo hilo liliongeza idadi ya vipimo katika dashibodi nyingi, pengine kupita kiasi.

Kasoro

Mwanauchumi Mwingereza Charles Goodhart alieleza mwaka 1975 kwamba uhusiano wa kitakwimu huelekea kuvunjika unapotumiwa kama chombo cha udhibiti. Madereva wakipimwa kwa idadi ya mizigo waliyofikisha kwa siku, wateja wa karibu watahudumiwa kwanza na wa mbali watangoja, huku namba ikipanda. Wastani nao huficha mambo: matangi 10 yenye wastani wa nyuzi 4 yanaweza kuwa na moja linalochacha. Rangi nyekundu na kijani hazitofautishwi vizuri na baadhi ya watu, hasa wanaume, kwa hiyo ni vema kuongeza alama au maneno.