Habari Ndogo Ndogo za Ugenini

Barabara inayotoka Iringa mjini kuelekea Hifadhi ya Taifa ya Ruaha hupita Kalenga, ambako fuvu la Mtwa Mkwawa wa Wahehe limehifadhiwa tangu liliporudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, huiacha kando njia ya Mlambalasi, alikofia mtawala huyo mwaka 1898, kisha huteremka hadi Idodi na vijiji jirani vya Mapogoro na Tungamalenga kabla ya kufika hifadhini. Tangu hifadhi hiyo ilipoanzishwa mwaka 1964, tarafa ya Idodi imekuwa njia ya wageni kutoka Ulaya, Marekani na Asia, ambao hupita hasa wakati wa kiangazi wakiwa na madaftari, kamera na simu, na kuandika mambo ambayo mwenyeji huyaona si kitu: vumbi la barabarani, ndoo za maji vichwani, mashamba ya mpunga yanayonyweshwa kwa mifereji, salamu ya "kamwene" inayoitikiwa kwa upole na mtu asiyewafahamu, na chai inayopikwa pamoja na maziwa badala ya kutiwa maziwa mezani. Maandishi hayo husomwa mbali sana na Idodi, na wenyeji walioandikwa humo kwa kawaida hawayaoni kabisa.

Uandishi wa aina hiyo, unaokusanya mambo ya kila siku na hisia za msafiri aliye katika nchi isiyo yake, mara nyingi huwekwa chini ya historia ya vita, mikataba na watawala, kana kwamba chakula, kitanda, nauli na hali ya hewa ni makapi yanayobaki baada ya nafaka kupepetwa. Mtazamo huo si sahihi. Habari ndogo za safari ni elimu kamili, na watu wa Afrika Mashariki wamekuwa wakiziandika kwa ustadi kwa zaidi ya karne moja. Nyanda za Juu Kusini, kwa upande wao, zimetoa wasafiri wengi mno waliokwenda nchi za mbali, lakini zimeandikwa na wageni zaidi kuliko watu wake walivyoandika ugeni wao wenyewe.

Thamani ya habari hizo huonekana vizuri zaidi kwa msafiri aliyekuja katika pwani ya Waswahili mnamo mwaka 1331, yaani Ibn Battuta wa Morocco. Alipofika Mogadishu alieleza wali uliopikwa kwa samli na kupakuliwa katika sahani kubwa ya mti, kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga kilichowekwa juu yake, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, na achari ya ndimu, pilipili, tangawizi mbichi na embe iliyoliwa pamoja na wali huo. Mombasa hakuandika mengi kuhusu utawala wala majeshi, bali alieleza kwamba chakula kikuu cha watu kilikuwa ndizi na samaki, kwamba kwenye mlango wa msikiti palikuwa na kisima kifupi cha kina cha dhiraa moja au mbili, na kwamba maji yalitekwa kwa chombo cha mti kilichofungwa kwenye kijiti chembamba, kisha mtu akaosha miguu na kuipangusa kwenye kipande cha jamvi nene kabla ya kuingia, kwa kuwa watu walitembea pekupeku. Maelezo hayo yanayochukua mistari michache tu yamebaki kuwa miongoni mwa mambo machache yaliyoandikwa na mtu aliyeshuhudia maisha ya kawaida ya Mombasa katika karne ya 14, na mwanahistoria anayetaka kujua Mwislamu wa mji huo alivyojitwaharisha hana budi kurejea kwenye chombo kile cha mti. Ni kweli pia kwamba jicho la msafiri, au kumbukumbu yake, huweza kukosea: kitabu chake, ambacho alikisimulia kwa mwandishi mwingine zaidi ya miaka 20 baadaye, kinasema kwamba majengo ya Kilwa yalikuwa ya miti, ilhali magofu ya msikiti mkuu na ya jumba la Husuni Kubwa yanaonyesha ujenzi wa mawe uliokuwapo wakati huohuo. Kwa hiyo habari ndogo hupimwa kama ushahidi mwingine wowote.

Mwishoni mwa karne ya 19 wenyeji wa pwani nao walianza kuandika safari zao kwa Kiswahili. Chuo cha lugha za Mashariki kilichofunguliwa Berlin mwaka 1887 kilihitaji walimu wasaidizi ambao Kiswahili kilikuwa lugha yao, na Waswahili kama Amur bin Nasur, na baadaye Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, waliishi katika mji huo wakifundisha maofisa waliojiandaa kuja Afrika. Carl Velten, aliyekuwa mwalimu wa chuo hicho, alikusanya maandishi ya wasafiri kadhaa na kuyachapisha mwaka 1901 katika kitabu kiitwacho Safari za Wasuaheli. Miongoni mwao yumo Salim bin Abakari, Mngazija aliyemtumikia Mjerumani Theodor Bumiller, na ambaye aliandika safari mbili zinazostahili kusomwa pamoja. Moja ni ya Ziwa Nyasa, wakati meli ya Hermann von Wissmann ilipopelekwa vipande vipande kupitia mito ya Zambezi na Shire hadi ziwani, katika miaka ya 1892 na 1893. Nyingine ni ya Urusi na Siberia, aliyoifanya mwaka 1896. Kwa Mngazija huyo, ufuko wa kaskazini wa Nyasa, karibu na milima ya Rungwe, ulikuwa ugenini kama Siberia ilivyokuwa, na msomaji wa Mbeya anayekifungua kitabu hicho hukuta nchi ya babu zake ikiangaliwa na Mwafrika mwenzao kwa macho yaleyale yaliyoangalia Warusi na Watatari.

Msafiri wa namna hiyo ana jambo ambalo wenzake wa Ulaya hawana, nalo ni kipimo cha nyumbani. Katika nchi zilizo karibu na ikweta, urefu wa mchana haubadiliki sana mwaka mzima, na Iringa tofauti kati ya siku ndefu kabisa na siku fupi kabisa haifiki saa moja, ndiyo maana watu wanaweza kuhesabu saa kuanzia macheo bila kupotea. Saint Petersburg, mji ulio karibu na nyuzi 60 kaskazini mwa ikweta, hupata mchana wa karibu saa 19 mwezi Juni, na hata jua likizama anga haliingii giza kamili. Kwa Mwislamu kutoka Ngazija au Bagamoyo, jambo hilo halikuwa ajabu ya kusimuliwa tu, kwa kuwa nyakati za swala hufuata jua, na wakati wa swala ya isha hutegemea kutoweka kwa mwanga wa magharibi, mwanga ambao katika usiku wa namna hiyo hautoweki. Mtaalamu wa jiografia angeeleza mwinamo wa dunia na kuishia hapo, lakini msafiri hulazimika kuamua lini ale, lini alale na lini aswali, na maamuzi hayo ndiyo yanayomfundisha msomaji kwamba ameingia katika dunia nyingine.

Waandishi wengine wawili walikwenda Uingereza kwa sababu za kiserikali. Ham Mukasa alifuatana na Katikiro (waziri mkuu) wa Buganda, Apolo Kagwa, mwaka 1902 ili kuhudhuria kutawazwa kwa Mfalme Edward VII, sherehe iliyoahirishwa kutoka tarehe 26 Juni hadi tarehe 9 Agosti kwa sababu mfalme aliugua ghafla na kufanyiwa upasuaji. Na kitabu chake, kilichoandikwa kwa Kiganda na kutolewa kwa Kiingereza mwaka 1904, kinazieleza meli, treni na mitambo kwa mtu ambaye hajawahi kuviona vitu hivyo. Martin Kayamba, aliyekuwa karani mkuu wa Kiafrika katika ofisi ya serikali ya Tanga, alikwenda London mwaka 1931 pamoja na Mtemi Makwaia kutoka Usukuma na Francis Lwamgira wa Bukoba kutoa ushahidi mbele ya kamati ya bunge la Uingereza iliyochunguza mpango wa kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka uliofuata kilichapishwa kitabu chake, Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza, na mpangilio wa jina hilo unafaa kuzingatiwa, maana mtu aliyeitwa kwa jambo zito la hatima ya nchi tatu alitanguliza yaliyoonwa mbele ya yaliyofanywa. Kayamba alijua kwamba msomaji wake wa Tanga au Korogwe angeweza kupata habari za kamati magazetini, lakini asingepata popote habari za nchi yenyewe zilizoandikwa na mtu aliyekulia katika maisha kama yake.

Nyanda za Juu Kusini hazina kitabu cha namna hiyo kinachojulikana sana, ingawa watu wake nao walikwenda mbali sana. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, askari wengi wa Tanganyika, Wahehe wakiwa miongoni mwao, waliingia katika jeshi la King's African Rifles, ambalo wananchi waliliita Keya, na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipelekwa Ceylon mwaka 1943, kisha Burma mwaka 1944, ambako ilisonga mbele katika mvua kubwa ya bonde la Kabaw hadi mto Chindwin, na huko Kalewa likajengwa daraja la vyuma lenye urefu wa zaidi ya mita 350. Vitabu vya kijeshi vimeeleza bonde hilo, malaria na daraja. Jambo lililofaa kuandikwa na askari aliyetoka sehemu kama Idodi ni tembo. Katika vijiji vinavyopakana na Ruaha, tembo ni mnyama wa kufukuzwa shambani usiku kwa madebe na mioto, na msimu mzima wa mahindi unaweza kupotea kwa saa chache. Burma na Ceylon tembo alifungwa minyororo na kuvutishwa magogo, akamtii mtu aliyeketi shingoni mwake, akapiga magoti alipoamriwa, akaogeshwa mtoni jioni baada ya kazi. Ni mnyama wa jamii nyingine, mwenye masikio madogo na mgongo uliobinuka, ambaye amefugwa na watu wa Asia kwa maelfu ya miaka. Hakuna ofisa wa Uingereza ambaye angeweza kuliona jambo hilo kama mkulima wa Idodi alivyoweza kuliona, kwa sababu ofisa huyo hakuwahi kukesha akililinda shamba lake.

Siku hizi ugenini pako karibu zaidi. Tunduma na Nakonde ni miji miwili iliyogusana mpakani mwa Tanzania na Zambia, lakini mtu anayevuka hurudisha saa yake nyuma, maana ikiwa saa mbili asubuhi Tunduma, Nakonde bado ni saa moja, na mfanyabiashara asiyekumbuka hilo hukuta ofisi hazijafunguliwa. Shilingi hugeuka kuwa kwacha, na ugali huitwa nshima. Madereva wa malori wanaoendelea hadi Kasumbalesa na Lubumbashi huvuka mpaka mwingine ambako magari yote huhamia upande wa kulia wa barabara, na kwa kuwa usukani wa malori ya Tanzania uko kulia, dereva anayetaka kulipita gari lililo mbele yake haoni kinachokuja, hivyo humtegemea utingo aliyeketi kushoto amwambie kama njia ni nyeupe. Huko Katanga, nchini Kongo, watu wanazungumza Kiswahili, ila ugali wao ni bukari na kisamvu chao ni sombe, na dereva wa Mbeya hujikuta mgeni ndani ya lugha aliyoidhania kuwa yake. Maarifa haya, pamoja na mahali pa kulala kwa usalama, bei ya unga, choo kinachofaa na askari wa barabarani wa kumsalimia kwa heshima, hupashanwa kwa sauti za WhatsApp kila siku, na hufutika simu inapojaa.

Kundi linalohitaji kufikiwa haraka zaidi ni la wazee waliokwenda migodini. Tangu enzi za ukoloni wanaume wengi wa Rungwe na wilaya za jirani walikwenda kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini na ya dhahabu ya Johannesburg, mji ambao waliuita Joni, wale wa Joni wakiandikishwa na chama cha waajiri wa migodi ambacho jina lake refu lilifupishwa kuwa Wenela, hadi serikali ilipokomesha uandikishaji huo mara baada ya Uhuru. Wanazuoni wameandika idadi zao, mishahara yao na athari za kuondoka kwao katika vijiji. Askari wa Burma karibu wote wameshafariki, lakini kijana aliyeshuka mgodini mwaka 1958 akiwa na miaka 20 anaweza kuwa hai leo akikaribia miaka 90, na maswali ya kumwuliza ni yale ambayo Ibn Battuta aliyajibu bila kuulizwa: walikula nini na kwa chombo gani, unga wa Joni ulitofautiana vipi na wa nyumbani, baridi ya Julai ilizuiwa kwa nguo ipi, walilala wangapi chumbani na nani alilala karibu na mlango, walisalimiana kwa lugha gani na Wazulu na Wasotho, walinunua nini kwanza walipopokea mshahara, na ni jambo gani dogo la huko walilojaribu kulifanya waliporudi kijijini, watu wakalikataa.