MASTAA WANAJAZA UWANJA, NANI ATASHONA CHAMA?

Mkutano wa chama bila staa siku hizi ni sawa na pilau bila nyama. Watu wanakuja kumwona msanii, sera watazisikia hukohuko! Lakini vijana wenzangu, tusidanganyane. Staa anajaza uwanja. Chama kikichanika, hana sindano wala uzi.

Tuanzie Dodoma, Julai 1995. CCM walikuwa wanasaka mgombea urais, na Augustine Mrema alishatimkia NCCR-Mageuzi huku umati ukimshangilia. Burudani za chama zilikuwa mikononi mwa TOT ya Kapteni John Komba, iliyozaliwa 1992. Ila staa wa ukumbini siku ile hakuwa mwanamuziki, alikuwa Mwalimu Nyerere, ambaye hata uenyekiti alishaukabidhi. Duru ya kwanza: Kikwete 534, Mkapa 459, Msuya 336. Duru ya pili: Mkapa 686, Kikwete 639. Kura 47 tu! Kikwete akameza mate, akasubiri miaka kumi.

Sasa njoo Ndundu. Enzi zile ukienda Lindi au Mtwara kwa barabara, hapa lazima uvuke Rufiji kwa pantoni. Mto ukifurika, unalala hapohapo, uwe na haraka usiwe nayo. Mkapa, mtoto wa Masasi, ndiye aliyekuwa Ikulu daraja la mita 970 lilipofunguliwa 2003, na jina lake likapewa. Zile kura 47 usizione ndogo, mshikaji.

Mwaka 2015 ndipo kasheshe. Jina la Edward Lowassa likakatwa. Wajumbe watatu wa Kamati Kuu, Nchimbi, Sophia Simba na Kimbisa, wakajitokeza hadharani kupinga. Mkutano Mkuu ukampa Magufuli kura 2,104, na kabla mwezi haujaisha Lowassa yuko CHADEMA! Mastaa nao wakagawana majukwaa: Diamond akaimba kwa CCM, Jacqueline Wolper akasimama na Lowassa. Wema Sepetu alikuwa CCM, Februari 2017 akahamia CHADEMA, Desemba akarudi. Hata Lowassa mwenyewe alirudi CCM 2019.

Si dhambi, msanii naye ni mpiga kura. Sugu na Profesa Jay waliomba kabisa ubunge, wakapewa. Hao angalau wananchi waliweza kuwabana kwa maswali.

Lakini mwaka huohuo wa 2017, mastaa wakibadilisha kadi, huku Kibiti na Rufiji viongozi wa vijiji na vitongoji, wengi wao wa CCM, walikuwa wanauawa kwa risasi. Aprili wakauawa polisi 8. Wale wa vijijini hawakuwa na walinzi. Spika zikishapakiwa kwenye gari kurudi Dar, wao ndio wanaobaki na bendera, na ndio wanaogongewa mlango usiku.

Chama ni hao, jamani. Wakubwa wakigombana Dodoma, hao ndio wanaoulizwa na majirani zao, na majibu hawajapewa.

Kwa hiyo jukwaa likija mtaani kwenu, cheza, piga kelele, ruksa! Muziki ukizimwa usikimbilie kupiga picha na staa. Uliza nani amekatwa jina, kwa nini, na nani atakuwepo hapa keshokutwa. Wahenga walishasema, ngoma ikilia sana hupasuka.