Je, Wajua? Sumaku, "umeme wa bure" na maji ya Mlali

Je, wajua sumaku iliyong'olewa kwenye spika mbovu inaweza kushika msumari miaka nenda rudi bila kutumia nishati hata chembe? Kushika tu si kufanya kazi. Mafundi wengi wa "umeme wa bure" hupotea hapo: wanaona nguvu isiyochoka, wanadhani ni nishati isiyokwisha.

Je, wajua ndoto hii ina zaidi ya miaka 750? Mwaka 1269 Mfaransa Petrus Peregrinus alieleza gurudumu la meno la kuzungushwa na sumaku milele. Mwaka 1775 Akademia ya Sayansi ya Paris ilitangaza kwamba haitakagua tena mashine za namna hiyo. Hata hivyo, mwaka 2006 kampuni ya Steorn ya Dublin ililipia tangazo katika jarida la The Economist, ikiwaita wanasayansi wakague mtambo wake wa sumaku. Jopo lilitoa jibu mwaka 2009, kwa kauli moja: nishati ya ziada haikuthibitishwa.

Kwa nini gurudumu linagoma? Sumaku hulivuta likija, na likitaka kuondoka hulishika kwa nguvu ile ile. Faida ya kuja inalipwa yote wakati wa kutoka, na beringi nayo inadai riba yake.

Je, wajua hesabu ya mota inayozungusha jenereta, nayo jenereta ikirudisha umeme kwa mota? Tuseme kila moja ina ufanisi wa asilimia 80. Mota ikipewa wati 1,000 itatoa 800, na jenereta itarudisha 640. Wati 360 zimekwenda kabla hujawasha taa hata moja. Gusa mota na jenereta, utazikuta humo zimegeuka joto.

Lakini mbona kwenye video za "umeme wa bure" balbu inawaka? Mara nyingine ni balbu ya kuchaji, ile tunayonunua kwa ajili ya umeme ukikatika. Ndani ina betri ndogo. Ukishika kitako chake kwa kiganja chenye unyevu, inawaka bila waya wowote. Ukiizungushia waya wa shaba na sumaku mbili, itawaka pia, na sumaku hazihusiki kabisa. Anayetaka kukuuzia mtambo mwambie aendeshe kwa balbu uliyoileta wewe, mtambo ukiwa juu ya meza tupu, kwa siku kadhaa. Mkulima wa nyanya wa Mlali, mkoani Morogoro, anayenunua petroli ya pampu ni mwepesi wa kuvutwa na ahadi hizi, na hela yake ni ya jasho.

Je, wajua dainamo ya baiskeli ina sumaku, nayo inafua umeme kweli? Iweke iguse tairi, washa taa, kanyaga. Baiskeli inakuwa nzito. Uzito huo unaousikia mapajani ndio bei ya mwanga. Heinrich Lenz alieleza kanuni yake mwaka 1834. Kidatu, humu humu mkoani Morogoro, mitambo ya megawati 204 inafanya kazi kwa kanuni hiyo, na Bwawa la Nyerere mto Rufiji lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja. Kote huko kinachosukuma ni maji.

Na maji Mlali inayo. Mto Mlali ni miongoni mwa mito inayolisha Bwawa la Mindu, linalonywesha mji wa Morogoro.

Je, wajua ipo pampu isiyotumia petroli wala umeme, na si uongo? Ni hidramu, iliyobuniwa na Mfaransa Joseph-Michel Montgolfier mwaka 1796. Maji mengi yanayoshuka kwa kasi hufunga vali ghafla, na mshindo huo husukuma maji machache juu zaidi. Lita 10 zikishuka mita 2 zingeweza, bila hasara yoyote, kupandisha lita 1 mita 20. Kwa kweli utapata kama nusu lita au zaidi kidogo, lakini usiku na mchana. Ina vali mbili na chupa ya hewa, na fundi bomba mzuri anaweza kuiunda kwa vipande vya bomba la chuma.