Jino linauma na mfuko hauna kitu? Wanafunzi wanaweza kukusaidia

Ni saa nane za usiku mtaani Umoja. Majirani wamelala fofofo, lakini wewe unazunguka chumbani ukiwa umeshika shavu. Umesukutua kwa maji ya chumvi, umetafuna karafuu, umemeza vidonge viwili vya kutuliza maumivu, na bado gego linapwita. Kukicha utafanya nini?

Wakazi wengi wa Eastlands, kuanzia Kayole hadi Jericho, hujibu swali hilo kwa njia mbili. Kuna anayenunua vidonge zaidi dukani na kuvumilia. Kuna anayeamua kung'oa jino, kwa kuwa kuling'oa ni rahisi kuliko kulitibu. Wengine nao huangukia mikononi mwa mtu asiye na cheti, mwenye koleo na chumba cha kukodi.

Ipo njia nyingine ambayo huenda hujaifikiria, nayo ni kutibiwa na wanafunzi wa udaktari wa meno.

Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufunza madaktari wa meno mwaka 1974. Hospitali yake ya meno iko katika Barabara ya Argwings Kodhek, na ukifika katikati ya jiji unaweza kupanda matatu ya Kawangware inayopitia Hurlingham. Hapo wanafunzi hutibu wagonjwa wakisimamiwa na wahadhiri ambao wenyewe ni madaktari wa meno.

Je, ni salama?

Bila shaka hili ndilo swali lako la kwanza. Nani atakubali kuwa ubao wa mtu kujifunzia useremala?

Ondoa hofu. Masomo ya shahada hii huchukua miaka mitano. Kabla ya kumgusa mgonjwa, mwanafunzi husoma jinsi mwili ulivyoumbwa na jinsi unavyofanya kazi, kisha hufanya mazoezi kwenye meno ya bandia yaliyotiwa katika kichwa cha plastiki. Anapokuja kwako, hakati shauri peke yake. Hukuuliza maswali, hukupima, halafu humwita msimamizi wake. Msimamizi hutazama jino lako na picha ya eksirei, kisha huamua kama kazi ianze. Mwanafunzi akishachimba uozo, kazi hukaguliwa tena kabla ya kuziba. Kwa hivyo jino lako hutazamwa na watu wawili, na mmoja wao anatafuta makosa ya mwenzake.

Kwa hakika, anayepaswa kuogopwa ni yule wa kichochoroni. Vifaa visivyochemshwa vizuri kwa mashine maalumu vinaweza kukuambukiza virusi vya Ukimwi au ugonjwa wa ini. Kumbuka kwamba kila daktari wa meno nchini lazima asajiliwe na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno. Una haki ya kuuliza leseni yake.

Bei yake ni muda

Mwanafunzi hafanyi kazi upesi. Jino ambalo daktari mzoefu angeliziba kwa nusu saa linaweza kumchukua saa mbili au zaidi, na pengine utaambiwa urudi mara ya pili na ya tatu. Ikiwa wewe ni kibarua wa kulipwa kwa siku, piga hesabu ya nauli na siku utakazokosa kazi. Aidha, huduma si ya bure. Uliza mapema ada ya kumwona daktari, ya picha na ya kila hatua ya matibabu, ili usishangae ukifika kwenye dirisha la malipo.

Kwa sababu hiyo, njia hii inafaa zaidi kwa kazi ndefu ambazo kliniki za kibinafsi hutoza pesa nyingi: kuziba matundu kadhaa, kusafisha mzizi wa jino, au kutengeneza meno ya bandia. Ikiwa jino limeharibika kabisa na ni la kung'olewa tu, huenda hospitali ya umma iliyo karibu nawe ikakufaa zaidi.

Unapokwenda, fika asubuhi na mapema, na uwe umekula isipokuwa umeambiwa usile. Beba dawa zote unazotumia. Mweleze mwanafunzi bila kuficha kama una shinikizo la damu, kisukari au mimba, au kama kuna dawa inayokudhuru. Muulize yuko mwaka wa ngapi na msimamizi wake ni nani. Uliza pia muhula unafungwa lini, maana kazi iliyoanzwa karibu na likizo inaweza kukawia. Usiposikia ganzi imeshika, inua mkono. Hakuna atakayekasirika.

Usingoje maumivu yaishe

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba takriban thuluthi moja ya watu wazima nchini walikuwa na meno yaliyooza. Kuoza huanza kimyakimya. Vijidudu vya kinywani hula sukari na kutoa asidi inayotoboa ganda gumu la jino. Wakati huo huhisi lolote, na kuziba tundu dogo ni kazi nyepesi. Uozo ukifika kwenye kiini, penye mishipa ya damu na ya fahamu, ndipo usingizi unapopotea.

Wengi hudanganyika hapa. Baada ya siku kadhaa maumivu hutoweka ghafla, na mgonjwa hushukuru akidhani amepona. Mara nyingi sivyo. Kiini cha jino kimekufa, na usaha unaanza kujikusanya kwenye mzizi. Vidonge vya maumivu haviondoi usaha huo, na dawa za kuua vijidudu pekee hazimalizi chanzo chake.

Ukiona uvimbe chini ya taya au shingoni, ukipata homa, ukishindwa kumeza, kufungua mdomo au kupumua vizuri, usipange foleni kwa wanafunzi. Kimbilia idara ya dharura ya hospitali kubwa iliyo karibu, hata kama ni usiku. Jipu la jino linaweza kuziba njia ya hewa, nalo limewahi kuua watu.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa jino maneno hayo ni kweli tupu. Leo jioni simama mbele ya kioo, ufungue mdomo na umulike magego yako kwa tochi. Watazame na watoto wako pia. Ukiona doa jeusi au tundu ambalo bado haliumi, una bahati. Hilo ndilo jino la kumpelekea mwanafunzi wiki hii, wakati bado linaweza kuokolewa kwa pesa kidogo.